Uliza Fundi: Kabati la boksi likitiwa magurudumu

Hamjambo wasomaji. Mwezi huu meseji karibu zote zimekuja na kabati. Si kabati la mninga la kuagiza kwa seremala, ni hizi za kwenye boksi, unanunua mbao zimelala bapa na kifuko cha skrubu unaenda kuunga mwenyewe nyumbani, na watu wanataka wazitie magurudumu ziwe za kusukuma. Naelewa kabisa kwa nini. Nyumba zetu za kupanga chumba ni hichohicho mnalala mnapika mnapokea wageni, ukitaka tu kufagia nyuma ya kabati inabidi umwite jirani aje ashike upande mmoja. Nimechukua maswali matano. La kwanza nimelijibu kwa kirefu kwa sababu hilo kosa naletewa karakana karibu kila wiki.

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi ni mama niko Sakina hapahapa Arusha, nina kabati la jikoni la kwenye boksi, upana sentimita 80, kwenda juu 85, kina 50. Nilinunua magurudumu manne mume wangu akayafunga chini kwa skrubu, yakakaa kama wiki mbili vizuri tu, juzi nalisogeza nipige deki gurudumu moja likagoma kwenye kizingiti, nikasukuma kwa nguvu likang'oka na kipande cha mbao. Sasa kabati limekaa upande na milango haifungi. Je ni magurudumu feki? Na linatengenezeka au ndo basi tena?

JIBU: Marahaba mama, pole sana. Linatengenezeka, usilitupe. Na magurudumu sidhani kama yana kosa. Hebu chukua kile kipande kilichong'oka ukiangalie pale skrubu ilipokuwa, utaona unga na chenga, kama mkate mkavu ukiumega. Ile ni chipibodi, yaani chenga za mbao zimechanganywa na gundi zikakandamizwa kwa joto, juu ikabandikwa karatasi ya rangi. Mbao ya kawaida ina nyuzi ndefu zinaikumbatia skrubu, chipibodi haina, skrubu inashikilia chenga tu. Ikibebeshwa mzigo uliotulia inavumilia, ila ikitikiswa kwa ubavu zile chenga zinasagika na tundu linapanuka kila siku kidogokidogo, wewe huoni chochote mpaka siku ya kizingiti. Na gurudumu kazi yake ni hiyohiyo ya kutikisa kwa ubavu, kila unaposukuma.

Halafu kuna jambo la pili na hili ndo wengi hawalijui. Inama uangalie kabati lako lilivyoungwa. Ule ubao wa chini umebanwa katikati ya mbao mbili za ubavuni, umeshikiliwa na vijiti vya mbao na zile kofuli ndogo za mviringo unazozungusha na bisibisi. Kabati likiwa sakafuni uzito wote unashuka kupitia mbao za ubavuni moja kwa moja hadi chini, ubao wa chini unabeba vitu vilivyo juu yake basi. Sasa ukifunga magurudumu kwenye ule ubao wa chini, ubavu unabaki unaning'inia hewani, yaani kabati zima, juu yake, shelfu, milango, mchele, vyote vinaning'inia kwenye vijiti na kofuli ambazo hazikutengenezwa kwa kazi hiyo. Ndo maana ubao wa chini unabonyea katikati, ubavu unapanuka na milango haikutani tena. Mimi nililijifunza hili kwa uchungu miaka ya mwanzo nilipofunga magurudumu hivyohivyo kwenye kabati la mteja kule Njiro, siku namkabidhi tukalisogeza wote wawili, nikasikia mlio mdogo kama mtu anavunja biskuti, na ubavu wa kushoto ukaachia palepale mbele yake. Nililipa kabati jipya na tangu siku ile sifungi gurudumu kwenye chipibodi, hata mteja akiniomba vipi.

Kwa hiyo dawa ni kitako. Unatengeneza kitako cha mbao ya kweli, kabati linakaa juu yake lote pamoja na ubavu wake, na magurudumu yanafungwa kwenye kitako. Nunua plaiwudi ya milimita 18, ikatwe 80 kwa 50 sawasawa na kabati lako. Chini yake weka vipande viwili vya mbao 2x4, yaani inchi 2 kwa 4, vimelala, kila kimoja urefu wa sentimita 80, kimoja mbele kimoja nyuma, ili ncha zake ziwe chini kabisa ya zile mbao za ubavuni. Hapo kwenye ncha ndo gurudumu linakaa, uzito unashuka kwenye ubavu unaingia kwenye mbao unaingia kwenye gurudumu, njia imenyooka. Saipresi au paina ya mashamba ya Meru na West Kilimanjaro inatosha kabisa, ila chagua iliyokauka, ukiishika isiwe na ubaridi wa majimaji, maana mbichi ikija kukauka ndani ya nyumba itajipinda na utabaki na kabati la miguu mitatu. Na iwe imetiwa dawa ya mchwa.

Gurudumu usilifunge kwa skrubu, tumia bolti ya kupita juu mpaka chini. Toboa kwa drili, kichwa cha bolti kikae juu ya plaiwudi, ukichimbie kidogo kisijitokeze, chini bolti ipite kwenye bamba la gurudumu, kisha washa, yaani kile kiduara bapa cha chuma chenye tundu, halafu nati. Tafuta zile nati zenye pete ya plastiki ndani, kwa sababu nati ya kawaida inalegea yenyewe kwa mtikisiko. Bolti nne kwa kila gurudumu. Funga magurudumu yote kwanza ndo upandishe kabati juu, ukitanguliza kabati vichwa vya bolti hutavifikia tena. Kabati likishakaa, toboa ukiwa ndani yake, piga skrubu kupitia ubao wa chini ziingie kwenye ile 2x4, kila moja na washa pana ili kichwa kisizame kwenye chipibodi, na nyuma funga kona mbili za chuma zishike ubavu na kitako pamoja.

Kabla ya hapo lakini rudisha kabati kwenye mraba wake. Pima kwa tepu kutoka kona ya juu kushoto hadi ya chini kulia, halafu kona zile nyingine mbili, vipimo vikilingana kabati limenyooka, visipolingana lisukume taratibu mpaka vilingane. Likinyooka hapohapo gongelea upya ile hadibodi ya nyuma, tena kwa skrubu ndogo zenye vichwa vipana badala ya vile vimisumari vya kwenye boksi. Watu wanaidharau hadibodi kwa sababu ni nyembamba, milimita 3 tu, lakini ndiyo inayozuia kabati lisilale upande unaposukuma. Milango yako itafunga.

Sasa uzito, maana dukani watakuuliza au wasikuulize kabisa wakupe ya bei ndogo. Chipibodi ya milimita 16 mita moja ya mraba ina kama kilo 11. Kabati lako nimepiga hesabu kwa vipimo ulivyonipa, ubavu, juu, chini, shelfu moja na milango, inakuja mita za mraba 2.7 hivi, kwa hiyo kilo 30 likiwa tupu. Weka mfuko wa mchele kilo 25, unga kilo 10, masufuria na sahani tuseme 15, dumu la mafuta lita 5, umefika 85. Usigawanye kwa 4, gawanya kwa 3, kwa sababu sakafu zetu hazijanyooka na kuna wakati gurudumu moja linakuwa hewani matatu ndo yanabeba kila kitu. Hiyo ni kama kilo 28 kila moja, wewe nunua lililoandikwa kilo 40 au 50. Na kwa sababu ya kizingiti chako chukua gurudumu la milimita 75, lile dogo la 50 linajikita kwenye kila mfereji wa tailizi sembuse kizingiti. Ila ujue 75 na kitako vitalinyanyua kabati kama sentimita 16, kutoka 85 unafika 101, kama unakatia mboga juu yake mabega yatachoka, hapo badala ya 2x4 tumia 1x4 upunguze kidogo.

Na mtungi wa gesi usiuweke humo. Ile 15 iliyoandikwa kwenye mtungi ni kilo za gesi peke yake, chuma chenyewe kinaongeza karibu nyingine kama hizo, lakini kilo si hoja kubwa, hoja ni mpira wa gesi. Jiko likiwa juu ya kitu kinachotembea ipo siku mtoto atasukuma na mpira utavutika. Jiko na mtungi vikae mahali pamoja bila kusogea, mama nakuomba sana hapo.

SWALI: Habari fundi, mimi ni baba wa mapacha wa miaka mitatu, nakaa Ngaramtoni. Kabati letu la nguo ni la boksi, kimo 180, kina 40. Nataka kulitia magurudumu ili mke wangu aweze kusafisha nyuma, kuna unyevu ukutani wakati wa masika na nguo zinashika ukungu. Unanishauri magurudumu ya aina gani?

JIBU: Salama baba mapacha. Sikushauri ya aina yoyote. Najua si jibu ulilotaka lakini kwa kimo hicho na watoto wa umri huo siwezi kukuambia vingine.

Fikiria mtoto anafungua droo ya chini anaipanda kama ngazi amtafute mwanasesere wake juu. Kabati la kina cha sentimita 40 limesimama sakafuni lenyewe tayari linaweza kuanguka. Mwaka 2016 kule Marekani IKEA ilitangaza kurudishwa kwa kabati za droo zipatazo milioni 29 baada ya watoto kufa kwa kuangukiwa, na mwishoni mwa 2022 nchi hiyo ikaweka sheria kabisa ya kabati za nguo kupimwa zisianguke. Na hizo hazikuwa na magurudumu, tatizo lilikuwa hazijafungwa ukutani. Ukiweka magurudumu unazidisha, kwanza umelinyanyua, pili yale magurudumu yanayozunguka yakigeukia ndani mahali yanapogusa sakafu panasogea ndani sentimita kadhaa kila upande, kwa hiyo kile kina chako cha 40 kinabaki kama 30 tu cha kusimamia, na juu yake kuna kimo cha karibu mita mbili.

Mimi kipimo changu cha kazi ni hiki, kimo pamoja na magurudumu kisizidi mara mbili na nusu ya kina, na vizito vyote vikae chini. La mama wa Sakina hapo juu ni 101 kwa 50, mara mbili, linakaa. Lako ni mara nne na nusu kabla hata hujaweka gurudumu.

Hilo kabati lifunge ukutani. Ukuta wa tofali za sementi toboa tundu la milimita 8, tia plagi, ile ya plastiki ya kushikia skrubu, kona ya chuma, skrubu ya sentimita 5 au 6, sehemu mbili juu karibu na ubavu. Upande wa kabati pitisha bolti, sababu ni ileile ya chipibodi. Kama umepanga mwambie mwenye nyumba kwanza. Na ule unyevu, acha nafasi ya vidole vinne kati ya kabati na ukuta kwa kupachika kipande cha mbao nyuma ya zile kona, hewa ipite, na hapo skrubu iwe ndefu zaidi, ipite kwenye mbao hiyo ndo iingie ukutani hizo sentimita 5 au 6. Mara mbili kwa mwaka, kabla ya masika mwezi Februari na baada yake Juni, mnafungua zile skrubu, mnatoa nguo zote, mnaliinamisha kidogo mnaweka vipande vya zulia kuukuu chini, manyoya yakiangalia sakafu, na watu wawili wazima mnalivuta bila shida kwenye tailizi au sementi laini. Watoto wawe nje wakati huo. Mkimaliza linarudi ukutani siku hiyohiyo.

SWALI: Fundi mambo, nina saluni hapa Moshi maeneo ya Majengo. Nilitengenezewa kabati dogo la magurudumu la kuwekea draya na mafuta, mwanzoni lilikuwa linateleza vizuri sana, sasa hivi gurudumu mbili hazizunguki kabisa zinaburuta. Ninunue mapya?

JIBU: Poa dada. Usinunue bado. Lilaze kabati uangalie pale gurudumu linapoingia kwenye ekseli, nina hakika utakuta nywele. Nywele za saluni, na hasa nyuzi za rasta, zinajiviringisha kwenye ekseli duru kwa duru mpaka zinakuwa ngumu kama kamba, gurudumu linashikwa. Kata na wembe kwa uangalifu, chomoa na kibano cha nyusi, kama ekseli ni ya bolti fungua kabisa usafishe. Kisha tone moja la mafuta ya cherehani. Mafuta ya kupikia usiweke, yanashika vumbi na yakikaa yanaganda, na ya nywele vilevile.

Yale mawili yaliyoburuta yapapase kwa kidole, kama yameliwa upande mmoja yakawa bapa hayo badilisha, hata ukiyasafisha yatakuwa yanadunda. Kwenye tailizi za saluni chukua ya raba ya kijivu, raba nyeusi nyingine zinaacha alama kwenye tailizi nyeupe, na plastiki ngumu inapiga kelele mteja hasikii simu. Mawili ya mbele yawe na breki, uyakanyage kila ukisimamisha. Na draya ichomolewe kwenye soketi kabla hujalisogeza, waya ukinaswa na gurudumu ngozi yake inachubuka na chini pale kuna maji ya kuoshea nywele.

SWALI: Fundi, nimepata magurudumu matano ya kiti cha ofisi kwa bei ya bure kule Kiborloni kwenye mitumba. Naweza kuyatumia manne kwenye kabati la televisheni?

JIBU: Hayafai hivyo yalivyo. Ya kiti yana kijiti cha chuma cha kuchomeka kwenye tundu la mguu wa kiti, hayana bamba la kupitisha bolti, ukitoboa mbao ukachomeka yatacheza na kupasua tundu. Halafu mengi hayana breki, na kabati la televisheni lisilo na breki mimi siliamini. Weka akiba, utapata kiti cha kuyafungia.

SWALI: Shikamoo. Mimi ni mwalimu, nimehamia Pasua, Moshi. Nimenunua kabati la boksi la vitabu na vyombo, la chini, kimo chake ni mara mbili tu ya kina, sijalifungua bado. Kabati langu la zamani lilivimba chini kwa maji ya deki nikalitupa. Nataka hili liwe na magurudumu tangu mwanzo, ila nahamahama kila baada ya mwaka mmoja miwili, nifanyeje niweze na kulifungua?

JIBU: Marahaba mwalimu, umeuliza wakati mzuri kabisa, boksi likiwa limefungwa kazi ni nusu. Na umeona mwenyewe maji yanavyoua hizi kabati. Ukipiga deki maji yanapanda kwenye ncha za chini ambazo hazina karatasi, chipibodi inakunywa, inavimba, na ikishavimba hairudi hata ukiianika jua la wiki nzima. Kwa hiyo kwa kabati la boksi magurudumu si anasa tu ya kusukuma, kule kulinyanyua kutoka sakafuni kunaliongezea maisha. Kabla hujaunga chukua vanishi au gundi ya mbao, ipake kwenye ncha zote zisizo na karatasi, hasa zile zitakazokaa chini, mara mbili, ziache zikauke usiku mzima.

Tengeneza kitako kama nilivyomweleza mama wa Sakina, kabati uliungie juu yake hapohapo. Vile vijiti vya mbao wengine wanavitia gundi, kabati linakuwa imara sana ila halifunguki tena bila kuvunjika, kwa wewe wa kuhama usitie gundi. Badala yake ndani kwenye kona nne za chini na mbili za juu funga kona ndogo za chuma kwa bolti nyembamba zinazopita mpaka nje. Siku ya kuhama unafungua nati, mbao zinalala bapa tena, kitako na magurudumu yake kinabaki kizima na kinaweza hata kubeba maboksi mengine kutoka ndani hadi kwenye kirikuu. Zile kofuli za mviringo usizifungue na kuzifunga mara nyingi, kila ukizungusha zinakula tundu, ndo maana nataka kona za chuma zifanye kazi kubwa.

Vitabu vipange chini, mita moja ya shelfu iliyojaa vitabu inafika kilo 20 hadi 30, hesabu hiyo uipeleke dukani kabla hujachagua gurudumu. Na kama sakafu ya huko Pasua umetandika kapeti la plastiki, weka kipande cha plaiwudi nyembamba chini ya kila gurudumu pale kabati linapokaa siku zote, la sivyo ukija kulisogeza baada ya mwezi utakuta vishimo vinne.